Bango la karibu halimfundishi mtoto wa lugha mbili

Msimamo wa shule kuhusu lugha ya nyumbani unalegea katika sehemu nyingi za dunia. Pale ambapo mtoto aliadhibiwa kwa kutamka neno la lugha ya mama yake uwanjani, leo ukutani pana mabango ya salamu kwa lugha kumi. Tarehe 21 Februari huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999, na walimu wanajitahidi kusema "asante" kwa kila lugha iliyomo darasani. Mabadiliko haya ni mema, tena yamechelewa. Kinachonitia wasiwasi ni namna yanavyoeleweka. Yamechukuliwa kuwa ni suala la hisia: mtoto akijiona amekaribishwa, basi amesaidiwa, na lugha ya shule itakuja yenyewe. Mimi nasema kwamba kumsaidia mtoto wa lugha mbili ni kazi ya ufundishaji inayopangwa kipindi kwa kipindi. Mwalimu anapaswa kujua mapema nani atazungumza, kwa lugha gani, kwa dakika ngapi, na mtoto apewe nafasi ya kufikiri kwa lugha ipi kabla ya kutakiwa kujibu. Ukarimu lazima uwepo, lakini shule inayoishia hapo humwacha mtoto akiwa na furaha na bila kuelewa somo.

Mjadala wenyewe una umri. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa ripoti iliyosema kwamba lugha mama ndiyo chombo bora cha kumfundishia mtoto, na mwaka 2016 ikakadiria kwamba takriban asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Katikati ya tarehe hizo, watafiti waligundua jambo ambalo walimu wengi bado hawajaelezwa. Jim Cummins wa Canada alitofautisha, mwaka 1979, lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza ni ile ya kuomba mpira, kugombana na kutaniana. Inabebwa na ishara, uso na vitu vilivyopo mbele ya macho, na watoto wengi huipata ndani ya miaka 2 hivi. Ya pili ni ile ya kueleza kwa nini barafu imeyeyuka, kulinganisha visa viwili, au kufuata maelekezo yenye "kabla", "isipokuwa" na "endapo". Hiyo, kwa hesabu za Cummins, humchukua mtoto miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzake waliozaliwa nayo. Kenji Hakuta na wenzake, katika ripoti yao ya mwaka 2000 kuhusu wanafunzi wa Marekani na Canada, walipata miaka 3 hadi 5 kwa ufasaha wa kuzungumza na miaka 4 hadi 7 kwa lugha ya masomo. Hesabu hizo hazilingani kila nukta, ila zote zinakataa imani kwamba mwaka mmoja unatosha.

Kuna hoja tatu ambazo husikika kila suala hili linapozungumzwa, na hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba watoto wadogo hunasa lugha upesi, kwa hiyo tuwaache wacheze na wenzao na baada ya miezi michache watakuwa sawa. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza wa rika mbalimbali waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi. Walioenda kasi zaidi miezi ya mwanzo walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima, na waliobaki nyuma zaidi walikuwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Mtoto mdogo ana faida ya matamshi, na ana miaka mingi mbele yake, lakini kasi hana. Anaonekana ana kasi kwa sababu tunamdai kidogo. Mtoto wa miaka mitano mwenye maneno mia mbili na ishara nyingi anaweza kupita siku nzima ya shule bila mtu kugundua kwamba hakuelewa hadithi iliyosomwa asubuhi. Hilo ndilo kosa kubwa la darasa la awali: uchangamfu wa uwanjani huhesabiwa kuwa ushahidi wa uelewa wa darasani.

Hoja ya pili ni kwamba lugha mbili humchanganya mtoto, na ushahidi wake ni kwamba anachanganya maneno ya lugha hizo katika sentensi moja. Hii nayo haisimami. Kuchanganya msimbo, yaani kutia maneno ya lugha mbili katika kauli moja, ni jambo la kawaida kwa watu wenye lugha mbili wa umri wowote. Mtoto hujaza pengo la neno alilolikosa kwa neno alilonalo, na aghalabu hufanya hivyo kwa kufuata sarufi wala si ovyo. Zaidi ya hayo, hata watoto wadogo sana hubadilisha lugha kulingana na anayezungumza nao. Mwalimu makini husikiliza mchanganyiko huo kwa sababu unamwonyesha ni neno gani hasa la lugha ya shule ambalo mtoto bado hana.

Hoja ya tatu ni nzito na inastahili kujibiwa kwa heshima. Inasema kwamba muda wa shule ni mchache: kila dakika inayotumiwa kwa lugha ya nyumbani imeondolewa kwenye lugha ya shule, na mtoto wa familia isiyo na vitabu hana mahali pengine pa kuisikia. Ni kweli kwamba lugha haipatikani bila kuisikia na kuitumia kwa wingi, na wanaotetea lugha mama wakati mwingine hulipita jambo hili harakaharaka. Lakini saa ambayo mtoto hakuelewa chochote haimwongezei lugha. Anachohitaji ni maneno ambayo maana yake anaweza kuifikia, na njia fupi ya kuifikia maana mara nyingi ni lugha aliyokwisha kuwa nayo. Akiijua dhana ya "nusu" kwa lugha ya nyumbani, kazi inayobaki ni kupata jina jipya. Asipoijua, mwalimu anamfundisha dhana na jina kwa wakati mmoja, na aghalabu vyote viwili vinapotea.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babatunde Fafunwa. Watoto walisomeshwa masomo yao kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya msingi, na Kiingereza kikafundishwa kama somo. Walimaliza wakiwa mbele katika masomo, na katika Kiingereza hawakuachwa nyuma na wenzao waliosoma kwa Kiingereza. Kila upande hulisahau jambo moja katika mradi huo. Wanaopinga husahau matokeo. Wanaotetea husahau kwamba Kiingereza kilifundishwa na walimu waliobobea katika kukifundisha, na kwamba watoto walikuwa na lugha mama moja. Kwa hiyo mradi ule hauthibitishi kwamba lugha ya pili hujileta. Unathibitisha kwamba dhana zikijengwa kwa lugha inayoeleweka, na lugha ya pili ikafundishwa waziwazi na kwa ustadi, mtoto hapotezi kitu. Darasa lenye lugha tano haliwezi kuiga ratiba ya Ife, ila kanuni zake mbili linaweza kuzifuata.

Tuanze na namna ya kuendesha kipindi. Katika kipindi cha dakika 30, dakika 5 za mwanzo zitumike kuwapa watoto kiini cha somo kwa lugha ya nyumbani: tutazungumzia nini, neno gani gumu litatokea, picha hii inaonyesha nini. Dakika 20 zinazofuata ziwe za lugha ya shule, bila kutafsiri. Dakika 5 za mwisho watoto waelezane kwa lugha ya nyumbani walichokielewa, na mwalimu asikilize au aangalie michoro yao. Mpangilio huu huharibika pale mwalimu anapotafsiri sentensi moja baada ya nyingine. Anafanya hivyo kwa huruma, lakini masikio ya watoto hujifunza kuisubiri lugha wanayoielewa na kuiacha ile nyingine ipite. Baada ya wiki chache mwalimu hushangaa mbona darasa halisogei, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyewaondolea sababu ya kusikiliza. Lugha mbili zikitenganishwa kwa sehemu za kipindi, kila moja inapata kazi yake.

Msamiati nao upangwe. Maneno 5 hadi 8 kwa wiki yanatosha mtoto wa miaka 5 au 6. Ishirini ni kujidanganya. Tena yasiwe majina ya vitu tu, kwani vitu vina picha na mtoto atavipata mwenyewe. Yawemo maneno ya kufikiria: linganisha, kabla ya, badala ya, kwa hiyo, sawa na. Kila neno lirudi siku tofauti katika sura tofauti: Jumatatu kwenye hadithi, Jumanne kwenye mchezo wa kuigiza, Jumatano kwenye hesabu, Alhamisi likiwa mdomoni mwa mtoto mwenyewe. Kitabu kimoja kisomwe siku 4 mfululizo badala ya vitabu vinne kwa siku nne. Siku ya kwanza watoto wanafuata picha na kisa. Siku ya pili mwalimu anasimama kwenye maneno yaliyochaguliwa. Siku ya tatu wanaigiza, na ya nne wanasimulia wao. Walimu huogopa kwamba watoto watachoka. Mtoto anayeelewa nusu ya hadithi hachoki kuirudia, kwa sababu kila siku anapata kipande kipya.

Kimya cha mwanzo kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watoto wengi huumizwa. Mtoto anayeingia darasani bila lugha ya shule anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila kusema. Mara nyingi anasikiliza kwa bidii. Mwalimu wa kwanza humlazimisha aseme mbele ya wenzake, na mtoto anazidi kujifungia. Mwalimu wa pili, yule mpole, anamwacha kabisa, na mwezi wa nne unakuta mtoto hajawahi kuulizwa swali. Wote wawili wamekosea. Mtoto aulizwe kila siku, ila swali lifuate hatua aliyofikia. Kwanza aonyeshe kwa kidole: iko wapi picha ya mvua? Kisha ajibu ndiyo au hapana. Kisha achague kati ya mawili: hiki ni kizito au chepesi? Kisha neno moja, halafu sentensi aliyoanziwa, kama vile "Nadhani kitazama kwa sababu…" Mwalimu aandike kwenye daftari lake kila mtoto yuko hatua ipi, na arudi kuangalia kila baada ya wiki mbili. Mtoto asiyesogea hata hatua moja kwa muda mrefu anahitaji kuchunguzwa zaidi, na bila daftari hilo hakuna atakayejua.

Muda wa kusubiri jibu nao ni sehemu ya msaada, na haugharimu chochote. Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu, kwa wastani, husubiri sekunde 1 hivi baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu huwa marefu na watoto wengi zaidi hujitokeza. Mtoto wa lugha mbili anasikia swali, huenda akalipeleka kwenye lugha ya nyumbani, anatafuta jibu, kisha anatafuta maneno ya kulileta. Sekunde 3 hazimtoshi. Mwalimu ahesabu moyoni hadi 7 au 8, asilirudie swali kwa maneno mengine katikati, maana maneno mapya ni swali jipya na mtoto analazimika kuanza upya.

Kuhusu kusahihisha, mazoea ni mwalimu kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa na kuendelea na somo. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Canada yaliyofundishwa kwa Kifaransa, na mwaka 1997 waliripoti kwamba njia hii ilichukua zaidi ya nusu ya masahihisho yote, lakini ndiyo iliyowafanya wanafunzi warekebishe kauli zao kwa uchache zaidi. Wengi hawakutambua kwamba wamesahihishwa. Sipendekezi mwalimu wa watoto wadogo awe mkali. Achague kosa moja la kufuatilia kwa wiki, alinyooshe, kisha ampe mtoto nafasi ya kusema tena, na makosa mengine ayaache yapite. Matamshi yatazamwe kwa jicho tofauti. Mtoto ambaye lugha yake haitofautishi sauti za r na l anaweza kusoma "kalamu" akatamka "karamu". Akionyeshwa picha akagusa kalamu, basi amesoma vizuri, na kumwandikia kosa la kusoma ni kumwonea. Sikio lake lifunzwe kwanza kwa mchezo wa kadi za picha wa dakika 5 kwa siku, ndipo ulimi udaiwe.

Pingamizi zito la walimu ni hili: mimi sizijui lugha hizi, na darasa lina tano. Ni pingamizi la kweli, lakini mwalimu hahitaji kuzungumza lugha zote ili azipe kazi. Wenye lugha moja wakae karibu kwa dakika zile za kufikiri, kisha wabadilishe jirani kwa kazi za lugha ya shule, kwani wakikaa pamoja siku nzima watakuwa darasa ndani ya darasa. Mtoto mwenye ufasaha asigeuzwe mkalimani wa kudumu. Anapoteza masomo yake mwenyewe, na mwenzake anazoea kumtegemea. Kwa yule aliye peke yake katika lugha yake, mzazi aombwe kurekodi kwa simu muhtasari wa hadithi ya wiki, dakika 2 au 3, mtoto ausikilize kabla ya Jumatatu. Mwalimu naye ajifunze misemo 10 hadi 15 ya kila lugha, ile ya shida kabla ya ile ya salamu: unaumwa wapi, unataka kwenda chooni, subiri kidogo, mama anakuja. Na ajifunze kulitamka jina la mtoto sawasawa tangu siku ya kwanza. Ratiba ya siku iwe ya picha, ining'inizwe mahali watoto wanapofikia, kwa maana mtoto asiyejua kinachofuata hutumia nguvu zake zote kukisia badala ya kujifunza.

Wengine wanaona vishikwambi na programu za kutafsiri zimekwisha kutatua jambo hili. Kwa ujumbe wa wazazi na kwa dharura, vinafaa sana. Kwa mtoto wa miaka mitano vina kasoro mbili. Programu hizo hutambua sauti za watoto kwa shida zaidi kuliko za watu wazima, na huzitafsiri lugha zenye maandishi machache vibaya kuliko lugha kubwa, kwa hiyo wanaohitaji msaada zaidi ndio wanaopata tafsiri mbovu. Pia tafsiri ya papo hapo inarudisha lile tatizo la sentensi kwa sentensi nililolitaja juu, safari hii bila mwalimu wa kuligundua.

Upimaji ndio mahali ambapo nia njema huvunjika kabisa. Barbara Pearson na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba watoto wachanga wa lugha mbili wakihesabiwa maneno ya lugha moja tu huonekana pungufu, lakini zikihesabiwa dhana wanazozijua kwa jumla ya lugha zote mbili, hawapungukiwi na wenzao wa lugha moja. Karatasi ya mwalimu iwe basi na safu mbili: anajua kwa lugha ya shule, anajua kwa lugha ya nyumbani. Safu ya pili ijazwe kwa msaada wa mzazi au mtu mzima mwingine mwenye lugha hiyo. Kabla mtoto hajapelekwa kuchunguzwa kuwa ana tatizo la lugha, mzazi aulizwe maswali machache: alianza kusema lini, anafuata maagizo ya hatua mbili nyumbani, ndugu na jirani wanamwelewa? Tatizo la kweli la lugha hujitokeza katika lugha zote mbili. Likionekana kwenye lugha ya shule pekee, aghalabu mtoto bado anajifunza. Makosa yapo pande zote: watoto wasio na tatizo wanawekwa kwenye madarasa maalumu, na wenye shida halisi wanaambiwa wasubiri kwa sababu "ni lugha tu". Safu mbili hupunguza makosa yote mawili.

Wazazi wasiambiwe waache lugha yao. Ushauri huo bado unatolewa, na madhara yake ni makubwa: mzazi anaacha kusimulia, kueleza na kubishana na mtoto kwa lugha anayoimudu, na kubaki na amri fupi kwa lugha asiyoimudu. Mtoto anapoteza pale alipokuwa akijifunza kueleza sababu. Mzazi aambiwe amuulize mtoto "kwa nini" na "ingekuwaje" kwa lugha yake mwenyewe, kila jioni, kuhusu jambo lolote.

Yote haya yana athari katika mipango ya shule, hasa muda wa msaada. Mifumo mingi huondoa msaada mtoto anapoanza kuzungumza kwa ufasaha, yaani baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati uleule masomo yanapoanza kudai lugha ya vitabu. Mtoto aliyeonekana hodari darasa la kwanza anaanguka darasa la tatu au la nne, na hakuna anayekumbuka kumhusisha na lugha. Pale ambapo rasilimali hazitoshi kuendelea na mwalimu wa ziada, jambo la lazima ni daftari la kukabidhiana. Mwalimu anayempokea mtoto apate maandishi ya ukurasa mmoja yenye hatua ya maswali aliyofikia, safu mbili za dhana, sauti anazozichanganya, kosa linalofuatiliwa kwa sasa, na jina la mtu wa nyumbani anayerekodi hadithi. Wakaguzi wakifika, waombe kuuona ukurasa huo kabla ya kusifu mabango, na wauombe tena katika darasa la tatu na la nne.